SOMO KWA WAMOTARI: CHOMBO CHA GPS KINAJUA NINI, NA HAKIJUI NINI



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kueleza mikataba, bima na michango. Safari hii tunajifunza chombo cha kazi ambacho kila siku kinazidi kuonekana kwenye usukani wa pikipiki hapa Gisenyi. Wapo wanaokiita ramani, wapo wanaokiita GPS, na wapo wanaosema tu kwamba simu itawaonyesha. Wateja nao wamebadilika. Zamani mteja alisema umpeleke sokoni, hospitali au Petite Barrière, basi. Siku hizi hutuma alama ya mahali alipo kwa WhatsApp, akakaa kungoja. Motari asiyejua kuisoma alama hiyo hupoteza mteja. Anayeisoma huku pikipiki ikikimbia aweza kupoteza zaidi ya mteja.

Kwa hiyo somo hili ni la kazi. Yafaa tuanze na namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa kuwa asiyelijua hilo hawezi kuchagua vizuri dukani, wala hawezi kutambua barabarani kwamba anapotezwa.

Mambo matatu yasichanganywe

Chombo kinapokuambia "pinda kulia", kimefanya mambo matatu: kimejua mahali ulipo, kimetazama ramani, halafu kimekadiria njia. Mambo hayo hutoka sehemu tofauti, na kila moja lina makosa yake.

Mahali ulipo hujulikana kwa setilaiti. GPS ni mtambo wa serikali ya Marekani wenye setilaiti zaidi ya 24 zinazoizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti ina saa sahihi mno, na kila wakati hutangaza saa yake na mahali ilipo. Tangazo hilo hutufikia kwa muda wa takriban sehemu saba za mia za sekunde. Chombo chako hupima tangazo limechukua muda gani kufika, kisha hukadiria umbali. Chahitaji kusikia setilaiti nne: kwa hesabu za tatu hupata mahali, na kwa ya nne husahihisha saa yake chenyewe, ambayo ni saa ya bei rahisi. Kosa la saa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 ardhini. Warusi wana mtambo wao uitwao GLONASS, nchi za Ulaya wana Galileo, na Wachina wana BeiDou. Simu nyingi za siku hizi husikiliza yote.

Hapa pana jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui. Chombo hakitumi kitu angani. Kinasikiliza tu, kama redio, na kusikiliza huko hakuna malipo. Mtu anayesema GPS yake imekufa kwa sababu mega zimekwisha amekosea: mega huliwa na ramani inayovutwa kutoka kwenye mtandao, pamoja na habari za msongamano wa magari. Ukiwa umeihifadhi ramani ndani ya simu, waweza kutoka Gisenyi mpaka Kigali bila kutumia hata mega moja.

Mpaka mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wakivuruga kwa makusudi ishara waliyowapa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Waliacha kufanya hivyo mwezi Mei mwaka huo. Leo simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi hukosea kama mita tano. Chini ya miti minene ya mikaratusi, au penye kilima kilichokatwa wima kando ya barabara, kosa huongezeka, kwa kuwa ishara hugonga mwamba kwanza ndipo ifike.

Ramani ni habari nyingine kabisa. Setilaiti hazijui barabara. Ramani ni kazi ya watu: mtu fulani, siku fulani, aliichora barabara ile kwa kutazama picha iliyopigwa kutoka juu, na pengine hajakanyaga Rubavu maisha yake yote. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika, nyumba zikabomoka, udongo ukaporomokea barabara, na watu zaidi ya 130 wakafa, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Ramani iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya simu tangu jana yake iliendelea kuonyesha barabara nzima na madaraja mazima. Vivyo hivyo Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka na matetemeko yaliyofuata yakapasua ardhi na majengo ya mji wetu, nyufa zile hazikuonekana kwenye kioo cha simu yoyote. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi muulize anayetoka upande ule unaokwenda. Huyo ana habari mpya kuliko ramani.

Kisha kuna majina. Mwaka 2006 serikali ilipanga upya mikoa na wilaya, na miji mingi ikapewa majina mengine: Ruhengeri ikawa Musanze, Kibuye ikawa Karongi, na sisi tukawa wilaya ya Rubavu. Lakini mji watu bado wanauita Gisenyi, na ndani ya wilaya ya Rubavu umo umurenge wa Gisenyi na umo pia umurenge wa Rubavu. Isitoshe kuna kilima cha Rubavu. Mgeni akiandika "Rubavu" na kubonyeza, chombo huchagua kimoja kati ya hivyo bila kumwuliza, naye alitaka kwenda ufukweni. Ukipewa jina, tazama kwanza nukta imeangukia wapi, ndipo uwashe injini.

Jambo la tatu ni njia. Hii ni hesabu ya programu, wala si ushauri wa mwenyeji. Vyombo vingi hudhani unaendesha gari. Google iliweka hali ya pikipiki nchini India mwishoni mwa mwaka 2017, na Kenya mwaka 2018. Tazama kwenye simu yako kama picha ya pikipiki ipo kando ya picha ya gari na ya mtu anayetembea. Hata ikiwapo, isikuondolee akili. Ukichagua njia fupi, chombo chaweza kukupitisha penye mawe ya volkano, huna abiria wa kubeba bali una abiria wa kusukuma nawe. Vilevile hakijui kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni Umuganda, wala kwamba Tour du Rwanda imefika mjini na barabara zimefungwa kwa ajili ya baiskeli.

Kuchagua

Muuzaji atakuonyesha kioo kikubwa na rangi nzuri. Wewe anza na kazi yako.

Motari anayezunguka mjini, kutoka sokoni kwenda mpakani, kutoka stendi kwenda Rugerero, au Nyamyumba kwenye kiwanda cha bia na chemchemi za maji moto, hana haja ya kununua chombo maalumu. Simu inatosha. Ila tunashauri isiwe simu ile unayowekea fedha. Tafuta simu ya zamani, hata ile ambayo kamera yake imekufa au haina laini, uifanye simu ya ramani tu. Ramani huvutwa nyumbani au kwenye WiFi ya rafiki, na GPS hufanya kazi bila laini. Simu nzuri yenye namba zako na fedha zako ikae mfukoni, mbali na mvua, mbali na mwizi, na mbali na mtikisiko.

Mtikisiko tunautaja kwa sababu. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwatangazia wateja wake kwamba mtikisiko mkubwa wa injini za pikipiki, ukipita kwenye usukani mpaka kwenye simu, waweza kuharibu kamera za iPhone zenye kifaa cha kutuliza picha. Simu za kampuni nyingine zenye kifaa cha namna hiyo zina udhaifu huohuo. Mtu aliyekopa ili anunue simu ya bei kubwa, kisha akaifunga juu ya injini saa kumi kwa siku kwenye barabara ya mawe, anaiua mwenyewe.

Chombo maalumu cha pikipiki, kama zūmo ya Garmin, kina faida zake. Kioo chake husomeka juani, hukubali kidole chenye glavu, nacho huvumilia maji. Ukiona maandishi IPX7, maana yake kimejaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Lakini zūmo XT ilipotoka mwaka 2020 ilitangazwa kwa dola 499, fedha za kununua simu za kawaida tatu na chenji ikabaki. Kwa maoni yetu inamfaa anayeongoza watalii kwenye ile njia ya Congo Nile Trail, ambayo huanzia hapa Gisenyi na kufuata Ziwa Kivu kwa kilomita 227 mpaka Rusizi, au anayesafiri nchi hata nchi. Naye kabla ya kulipa aulize jambo moja: ramani iliyomo ni ya wapi? Vyombo hivi mara nyingi huuzwa na ramani ya Ulaya au ya Marekani, na maneno "ramani za maisha" hayana maana kwamba Rwanda imo. Dawa ipo. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, yaweza kupakiwa bila malipo kwenye vyombo vingi vya Garmin, na programu za simu kama OsmAnd na Organic Maps huitumia hiyohiyo.

Ukinunua simu kuukuu kwa ajili ya ramani, usiijaribie ndani ya duka. Toka nje, mahali penye anga. Zima mtandao wote kwa kubonyeza alama ya ndege, washa mahali yaani lokesheni, fungua programu ya kuonyesha setilaiti, kisha ngoja. Usiwe na haraka: kila setilaiti huchukua kama sekunde 30 kueleza njia yake, na simu iliyolala muda mrefu bila mtandao yaweza kuhitaji dakika kadhaa. Ikizipata setilaiti nane au kumi na nukta ikatulia, hiyo ni nzima. Ikiwa baada ya robo saa mahali pa wazi bado inatafuta, mrudishie mwenyewe.

Tazama pia kama ina dira. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Zinajua ulipo lakini hazijui umeelekea wapi, na kwenye njia panda mshale huzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Si ubovu, enda mita kumi tu, nao utanyooka. Yenye dira nayo usiifunge kwa kishikio cha sumaku, utaichanganya.

Kufunga

Kishikio kikae katikati ya usukani, kisifunike kipimo cha mwendo wala taa za ishara. Baada ya kukifunga, pindisha usukani wote kushoto kisha wote kulia, utazame kama waya unavutika. Waya uliovutika leo utakatika siku ya mvua. Weka mpira kati ya kishikio na chuma ili kupunguza mtikisiko.

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, hatuna haja ya kumweleza mtu wa Gisenyi. Kioo kilicholowa hujibonyeza chenyewe. Wenzetu wa nchi nyingine hufunga simu kwa mfuko wa nailoni. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu mwaka 2008, na anayevuka nayo kutoka Goma hunyang'anywa mpakani. Basi nunua kifuko kigumu kinachoonyesha, chenye zipu, na ukigeuze mdomo uwe chini.

Umeme ndio unaoharibu pikipiki nyingi, kwa hiyo tulieleze polepole. Chaja ya simu hutoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Betri ya pikipiki ni ya volti 12. Ukiongeza na upotevu wa kwenye chaja, unavuta ampea moja hivi. Betri ndogo ya ampea-saa 5, injini ikiwa imezimwa, itakwisha kwa muda wa saa tano. Ukiunga chaja moja kwa moja kwenye betri, ukaiacha na simu usiku, asubuhi pikipiki haiwaki. Mwambie fundi achukue umeme kwenye waya unaokufa ufunguo unapozimwa, na aweke fyuzi ya ampea 2 au 3 karibu na betri. Fundi anayesema fyuzi si lazima, tafuta mwingine.

Wenye pikipiki za umeme, ambazo zinaongezeka tangu Kigali ilipoacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria Januari 2025, wasikate waya hata mmoja. Betri zile zina volti nyingi zaidi, na chaja ya volti 12 itaungua. Tumia tundu la chaja lililowekwa na mtengenezaji.

Kutumia

Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki huenda mita 11 kila sekunde. Ukitazama kioo kwa sekunde mbili, umekwenda mita 22 kama kipofu, na abiria wako nyuma amefumba macho nawe bila kujua. Kwa kilomita 60 ni mita 33. Hapa Gisenyi, penye wanawake wanaovuka na ndoo za bidhaa na watoto wanaotoka shule, mita 22 ni nyingi.

Kwa hiyo ramani husomwa pikipiki ikiwa imesimama. Kabla ya kuondoka tazama njia nzima, toka mwanzo hata mwisho, uchague alama tatu utakazozikumbuka: tuseme daraja, shule, halafu duka la dawa. Enda mpaka alama ya tatu. Ukiwa umesahau, simama kando, tazama tena. Waache watu wakuone umesimama, hakuna aibu. Kushika simu mkononi wakati unaendesha ni kosa la barabarani, na hata kama askari hayupo, mkono ulioshika simu haushiki breki.

Tunakuja kwenye alama ambazo wateja hutuma. Mara nyingine huja kama picha ya ramani, mara nyingine kama namba mbili. Namba za Gisenyi ni karibu -1.70 na 29.26. Ya kwanza yaeleza tuko kusini mwa ikweta kwa kiasi gani, na ile alama ya kutoa ndiyo inayosema "kusini". Mteja akinakili namba akaisahau alama hiyo, chombo kitakuonyesha misitu ya Ituri, kilomita karibu 380 kaskazini yetu! Namba ya pili ni ya mashariki. Nyuzi moja ni kilomita 111 hivi. Basi namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta hukufikisha kwenye mtaa, kwa kosa la kilomita moja. Yenye tarakimu tatu, mita 111. Yenye nne, mita 11, yaani mlangoni. Mteja akikupa tarakimu mbili tu, mpigie umwombe nyingine, au umwulize yuko karibu na kitu gani.

Mteja naye hukosea. Akituma alama akiwa ndani ya nyumba ya ghorofa, simu yake haisikii setilaiti vizuri nayo hukisia kwa minara na WiFi. Nukta yaweza kuangukia barabara ya nyuma. Na anayetuma alama kisha akatembea kukutafuta, huyo amekupa mahali alipokuwa, si alipo.

Mpaka unataka uangalifu wake. Ramani hukuvusha Goma kama kwamba hakuna kizuizi, paspoti wala saa za kufunga. Tena simu iliyo karibu na mpaka huweza kurukia mnara wa ng'ambo, na mega zako zikatozwa kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uzime roaming na uchague mtandao wako kwa mkono.

Kuna na jambo la vita. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliripoti kuvurugwa kwa ishara za GPS katika Kivu Kaskazini, hata safari za ndege zikaguswa. Ishara kutoka setilaiti ni dhaifu mno inapofika ardhini, na mtambo mdogo wenye nguvu huweza kuifunika. Kuna kuvuruga kwa namna mbili. Namna ya kwanza, chombo hakisikii kitu, kinatafuta tu. Hiyo si ya hatari sana, maana unajua kuwa hujui. Namna ya pili, chombo husikia ishara za uongo na kukupa mahali pa uongo kwa utulivu kabisa. Zitambue dalili zake: nukta inaruka kilomita nyingi ghafla, mwendo unasomeka 80 nawe umesimama, au saa ya chombo inapishana na ya mkononi. Ukiona mojawapo, zima ramani uendeshe kwa macho na kwa kuuliza watu. Karibu na mpaka siku za mapigano, kufuata mshale wa uongo kwaweza kukufikisha mahali ambapo hakuna atakayekusikiliza ukisema ni simu iliyokuleta.

Chombo kinapokutazama wewe

Hadi hapa tumesema habari za GPS inayokuonyesha njia. Iko na ile inayowaonyesha wengine mahali ulipo. Kwa ufundi ni kitu kimoja, ila imeongezewa laini ya simu ya kupeleka habari.

Tajiri anaweza kuficha kifaa hicho chini ya kiti ili pikipiki ikiibwa ipatikane, na hilo hatulipingi. Pikipiki iliyopatikana ni kazi iliyopatikana. Lakini kifaa hichohicho humwambia ulisimama wapi kula na ulikwenda wapi Jumapili. Programu za kuitia pikipiki kwa simu na mita za nauli hufanya vivyo hivyo. Januari 2022 mita zilipofanywa za lazima kwa pikipiki za abiria mjini Kigali, madereva waligoma na kufunga barabara tarehe 13, wakilalamikia mita na pia bei ya bima, na utekelezaji ukasimamishwa kwanza.

Mfanyakazi mwenye kuelewa ufundi wa mita hujadiliana vizuri zaidi. Mita ya GPS haihesabu mizunguko ya gurudumu. Huweka nukta kila baada ya muda, kisha huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka. Ikiwa huweka nukta kila sekunde 10, kwa mwendo wa kilomita 40 kila nukta iko mita 111 mbali na nyenzake, na kona zote zilizo kati yake zimekatwa. Kwenye barabara iliyonyooka hasara ni ndogo. Kwenye barabara zetu za milimani, mita hiyo husoma pungufu, na anayepunjwa ni dereva. Kinyume chake, ukisimama kumngoja mteja chini ya miti, nukta hucheza huku na huku na mita huongeza umbali ambao hukwenda. Hapo anayepunjwa ni abiria. Na mlima wenyewe mita haiujui: kwenye mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, umbali huongezeka nusu ya asilimia tu, lakini petroli huongezeka sana, nayo unailipa wewe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali kifaa chochote ni haya: kinaweka nukta kila baada ya sekunde ngapi? Kumbukumbu zinakaa muda gani, na nani anaziona? Nikibishana na mteja au na tajiri, nitapewa nakala? Swali la mwisho lina nguvu ya sheria. Tangu Oktoba 2021 Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na mtu ana haki ya kuomba taarifa zinazomhusu. Kumbukumbu ya GPS inayoweza kukushitaki ndiyo hiyo inayoweza kukutetea, siku utakapoambiwa ulikuwa mahali ambapo hukuwapo.

Zoezi

Kila kikundi cha wamotari watano kichague njia moja ya milimani ya kilomita kumi au zaidi, kwa mfano kutoka mjini kupanda Nyundo hadi Kanama. Wawili watumie simu zenye programu ya kurekodi safari, mmoja akiweka nukta kila sekunde moja na mwingine kila sekunde kumi. Wengine wasome kipimo cha kilomita cha pikipiki, wakiandika namba ya kuondokea na ya kufikia. Kumbukeni kwamba kipimo hicho nacho si malaika. Gurudumu lililovaa huzunguka mara nyingi zaidi, kikasoma zaidi ya ukweli. Nendeni na kurudi mara mbili, siku ya jua na siku ya mawingu.

Andikeni hesabu zote katika karatasi moja: tarehe, aina ya pikipiki, aina ya simu, na kilomita zilizosomwa na kila chombo. Karatasi ipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao, ili anayekwenda kuzungumzia nauli aende na namba za barabara zetu wenyewe mkononi.